Umepona maradhi makubwa, mbona mwili haujarudi? Tezi ya thairoidi na siku za kupona

Msomaji, huenda wewe au mtu wa nyumbani kwako ana tatizo la tezi ya shingo iitwayo thairoidi, ile iliyopungukiwa na nguvu za kutoa homoni. Kwa miaka kadhaa umekuwa ukimeza kidonge kila asubuhi, ukaendelea na kazi zako na karibu kuusahau ugonjwa. Kisha ukapatwa na maradhi mazito: malaria kali iliyokulaza wodini, nimonia, kifua kikuu au upasuaji. Daktari amekuruhusu kurudi nyumbani na majirani wamekuja kukupa pole, lakini mwezi wa pili unaingia na mwili haujarudi. Wahisi baridi mchana wa jua la Januari hapa Kakamega. Choo ni kigumu, uso umevimba, usingizi hauishi, na wasahau hata jambo ulilotumwa sokoni.

Aghalabu mgonjwa wa namna hii hufanya moja kati ya mambo matatu. Yupo anayesema ni uchovu wa ugonjwa tu, akangoja miezi mingi bila kurudi kwa daktari. Yupo anayejiongezea vidonge, kimoja kikawa viwili. Na yupo anayeacha dawa kabisa, ama kwa kudhani kwamba ndiyo inayomdhuru, ama kwa kuambiwa amekwisha pona. Njia zote tatu zina hatari, na ya tatu inaweza kumwua mtu. Leo tutaeleza kwa nini dalili huzidi baada ya ugonjwa mzito, na nini kifanywe.

KAZI YA TEZI HII

Thairoidi imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo, na umbo lake ni kama kipepeo aliyekunjua mabawa. Huchukua iodini kutoka kwa chakula na kuitumia kutengeneza homoni iitwayo T4. Sehemu nyingine za mwili, hasa ini na figo, huigeuza T4 kuwa T3, na hiyo ndiyo yenye nguvu zaidi. Homoni hizi huamua mwendo wa mwili mzima: moyo upige kwa kasi gani, chakula kichomwe upesi au polepole, matumbo yasukume, ubongo uwe macho. Zikipungua, kila kitu hupoa na kuchelewa.

Thairoidi ina msimamizi wake, tezi ndogo ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Msimamizi huyu hutoa homoni iitwayo TSH. Akiona kazi inalegea hupaza sauti, yaani TSH hupanda. Akiona kazi inafanyika kupita kiasi hunyamaza, nayo TSH hushuka. Ndiyo sababu mtu mwenye upungufu wa thairoidi huwa na TSH ya juu, jambo ambalo huwatatiza wagonjwa wengi wanaposoma karatasi ya maabara. Namba kubwa ya TSH maana yake tezi ni dhaifu.

Upungufu huu una asili nyingi. Mara nyingi kinga ya mwili yenyewe huishambulia tezi. Ugonjwa huo ulielezwa mwaka 1912 na daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Wengine tezi yao iliondolewa kwa upasuaji au kuchomwa kwa dawa ya mnunurisho. Asili nyingine ni ukosefu wa iodini. Wazee wa nyanda za juu za magharibi mwa Kenya wanakumbuka jinsi rovu lilivyokuwa jambo la kawaida, hasa shingoni mwa akina mama. Mwaka 1978 Kenya iliweka sharti kwamba chumvi ya kula itiwe iodini, na hali hiyo ikaanza kubadilika.

Tiba ya upungufu huu imekuwapo kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimtibu mama mmoja kwa kumdunga maji yaliyotolewa katika tezi ya kondoo. Mama huyo aliishi miaka 28 zaidi. Siku hizi hatuhitaji kondoo. Kidonge cha levothairoksini kina homoni ile ile ya T4 ambayo mwili ungejitengenezea. Hii ni homoni inayojaza pengo, na haimzoeshi mtu kama pombe au miraa inavyofanya.

KWA NINI DALILI HUZIDI BAADA YA UGONJWA MZITO

Sababu ni tano, na mara nyingi huja mbili au tatu pamoja.

Kwanza, dawa ilikatika. Mgonjwa aliletwa hospitalini akiwa hajitambui au anatapika, na jamaa waliomleta hawakujua kwamba humeza kidonge cha thairoidi. Levothairoksini hukaa mwilini kwa muda mrefu: baada ya siku saba nusu yake ingali ipo. Kwa hiyo kukosa dozi kwa siku mbili tatu si jambo la kutisha. Lakini aliyelazwa majuma matatu bila kidonge huenda nyumbani akiwa na akiba ndogo sana, na dalili hujitokeza wakati watu wanatarajia apate nguvu.

Pili, dawa mpya zimegombana na ile ya zamani. Hili ndilo jambo linalosahaulika kuliko yote. Chukua mfano wa mama wa miaka 48 aliyelazwa kwa malaria kali. Damu imepungua, naye anapewa vidonge vya madini ya chuma vya kuongeza damu. Kwa kuwa hataki kusahau, anavimeza asubuhi pamoja na kidonge cha thairoidi, akishushia kwa chai ya maziwa. Ndani ya tumbo madini ya chuma hushikamana na levothairoksini, na sehemu kubwa ya homoni hutoka na choo. Mama huyu anameza dawa kila siku, lakini ni kama hamezi. Tena upungufu wa thairoidi huweza kuleta hedhi nzito, hedhi nzito hupunguza damu, naye huongezewa madini ya chuma. Ndivyo anavyozunguka mahali pamoja.

Vidonge vya kalisi, dawa za kiungulia na zile za vidonda vya tumbo kama omeprazoli pia huzuia homoni isiingie vizuri mwilini. Rifampisini, ambayo ni nguzo ya matibabu ya kifua kikuu, hufanya kazi kwa njia nyingine: hulichochea ini liivunje homoni upesi kuliko kawaida. Dawa za kifafa kama fenitoini, kabamazepini na fenobabitali hufanya vivyo hivyo. Mgonjwa anayeanza matibabu ya kifua kikuu huenda akahitaji dozi kubwa zaidi ya levothairoksini kwa muda wote wa matibabu, kisha ipunguzwe rifampisini inapokwisha. Baadhi ya dawa za kifua kikuu sugu, kama ethionamidi, huweza kuidhoofisha tezi yenyewe hata kwa mtu ambaye hakuwa na tatizo.

Tatu, tumbo halijatulia. Kuhara kwa muda mrefu, kutapika na kukosa hamu ya kula hubadilisha kiasi cha dawa kinachoingia mwilini. Uzani nao una neno. Mtu aliyepungua kilo 10 huenda hahitaji tena dozi aliyokuwa nayo, na hapo shida inaweza kuwa dawa kuzidi badala ya kupungua.

Nne, ugonjwa mkali wenyewe huyumbisha homoni. Mwili unapopigana na maradhi makubwa hubana matumizi kama nyumba iliyoishiwa: hupunguza ugeuzaji wa T4 kuwa T3. Hali hii huwapata hata watu wenye tezi nzima. Mtu anapopona, TSH huweza kupanda kwa muda kabla ya kutulia.

Tano, huenda shida si thairoidi. Upungufu wa damu, kisukari, ugonjwa wa figo, virusi vya ukimwi, maambukizi yasiyokwisha na huzuni ya baada ya ugonjwa huleta uchovu unaofanana kabisa na huu. Baada ya janga la korona lililofika Kenya Machi 2020, tuliona pia watu waliobaki na uchovu na akili nzito kwa miezi mingi, na vipimo vyao vya thairoidi vikawa sawa. Si haki kulitupia lawama tezi kwa kila jambo, wala si haki kulisahau.

KIPIMO CHA DAMU KIFANYWE LINI?

Kwa sababu ya mayumbo tuliyoyaeleza, kipimo cha TSH kilichofanywa mgonjwa akiwa mahututi kinaweza kupotosha. Isipokuwa daktari anashuku kwamba thairoidi ndiyo inayohatarisha maisha, ni afadhali kungoja hadi majuma sita au manane baada ya kupona. Hali kadhalika, dozi ikibadilishwa, pima tena baada ya majuma sita hadi manane. Ukipima baada ya juma moja utaona namba isiyo na maana, nawe utaogopa au kufurahi bure.

Yafaa kupima TSH pamoja na T4 iliyo huru, ikiwezekana katika maabara ile ile, ili namba zilinganishwe. Nenda asubuhi kabla ya kumeza kidonge cha siku hiyo. Kama unatumia vidonge vya nywele na kucha vyenye vitamini iitwayo biotini, viache siku mbili kabla, kwani huharibu matokeo ya baadhi ya mashine.

Wapo wagonjwa ambao TSH pekee haiwezi kuwasema. Mama aliyevuja damu nyingi sana wakati wa kujifungua anaweza kuharibikiwa na tezi ya pituitari, yule msimamizi. Baada ya hapo maziwa hayatoki, hedhi hairudi, nywele za kwapani hupukutika, na mama anakuwa mchovu na mwenye baridi kwa miaka. Kwa kuwa msimamizi ameumia, TSH huonekana ya kawaida au ya chini, na mama huambiwa hana neno. Kama haya yamekupata, mweleze daktari habari za uzazi ule, hata kama ni wa miaka kumi iliyopita.

TAHADHARI KUHUSU TEZI ZA ADRENALI

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo ya adrenali, ambayo hutoa homoni ya kustahimili mishtuko ya mwili. Kifua kikuu huweza kuziharibu tezi hizi, na maradhi yale ya kinga yanayoshambulia thairoidi mara nyingine huzishambulia nazo. Mtu mwenye hali hiyo hudhoofika, hukonda, husikia kizunguzungu anaposimama, hutamani chumvi, na ngozi yake huzidi weusi, hasa kwenye ufizi na mistari ya viganja. Kumwongezea levothairoksini kabla ya kumpa homoni ya adrenali kunaweza kumwangusha vibaya. Hii ni sababu moja kubwa ya kutojiongezea dozi mwenyewe.

Sababu nyingine ni moyo. Homoni ikizidi, moyo hukimbia, mikono hutetemeka, jasho hutoka, usingizi hupotea. Kwa mzee au mwenye ugonjwa wa moyo, inaweza kuleta maumivu ya kifua au mapigo yasiyo na mpangilio. Ikizidi kwa miaka hudhoofisha mifupa. Ndiyo maana daktari huongeza dozi kwa hatua ndogo, mara nyingi mikrogramu 12.5 au 25 kwa wakati. Haraka haraka haina baraka.

NAMNA YA KUMEZA KIDONGE

Kabla ya kubadilisha dozi, hakikisha kwanza unameza ipasavyo. Mara nyingi hili pekee humaliza tatizo.

1. Meza kidonge asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu. Ngoja dakika 30 hadi 60 kabla ya chai au chakula. Chai ya maziwa si maji.

2. Vidonge vya madini ya chuma, kalisi na dawa za kiungulia vimezwe saa nne au zaidi baada ya kidonge cha thairoidi. Ukimeza levothairoksini saa kumi na mbili asubuhi, kidonge cha kuongeza damu kingoje chakula cha mchana.

3. Kama asubuhi yako ina vurugu, waweza kumeza usiku wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya chakula. Lakini chagua wakati mmoja na kuushika.

4. Ukisahau asubuhi, meza siku hiyo hiyo utakapokumbuka, tumbo likiwa tupu.

5. Soma namba iliyo kwenye paketi kila ununuapo. Kuna vidonge vya mikrogramu 25, 50 na 100, na rangi ya paketi hubadilika kutoka kampuni hadi kampuni. Aliyezoea 100 akipewa 50 bila kuangalia, amepunguziwa nusu.

6. Weka dawa katika paketi yake, mahali pakavu pasipo joto wala mwanga. Rafu iliyo juu ya jiko si mahali pake.

CHAKULA NA NGUVU

Wagonjwa huambiwa mambo mengi kuhusu chakula, na baadhi yake huwanyima lishe bure. Ni kweli kwamba muhogo, kabeji na mboga za jamii yake zina vitu vinavyoweza kuisumbua thairoidi. Ushahidi mkubwa ulipatikana katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, Kongo. Tangu miaka ya 1960 watafiti waliona kwamba rovu lilikuwa jingi kaskazini mwa kisiwa kuliko kusini magharibi, ingawa iodini ilipungua pande zote mbili. Muhogo ulioliwa kwa wingi ulitajwa kuwa sababu mojawapo. Lakini angalia vizuri: hao walikuwa watu waliokosa iodini na kula muhogo karibu kila siku. Wewe unayetumia chumvi yenye iodini, na tayari unameza homoni, huna sababu ya kuikimbia sukumawiki iliyopikwa wala kipande cha muhogo.

Soya ni jambo tofauti kidogo. Uji wa soya ni mzuri kwa anayejenga mwili baada ya ugonjwa, lakini huzuia kidonge kuingia. Unywe baadaye, si karibu na dawa. Jihadhari na dawa za chupa zinazouzwa kama za kusafisha tezi, na vidonge vya mwani wa baharini. Iodini nyingi kupita kiasi huweza kuidhoofisha tezi iliyokwisha umia.

Kwa choo kigumu, kula mrenda, kunde na matunda, na unywe maji ya kutosha isipokuwa daktari wa moyo au figo amekuwekea kipimo. Ngozi ikikauka, paka mafuta mara baada ya kuoga. Usilale kutwa nzima. Anza kutembea dakika kumi asubuhi na kumi jioni, uongeze kidogo kila juma. Ukiona siku inayofuata huwezi kuinuka, ulizidisha, rudi nyuma hatua moja.

Waeleze watu wa nyumbani. Uzito wa akili, kununa na kusahau si uvivu wala kiburi. Bwana au bibi anayejua hivyo atavumilia majuma yale machache yanayohitajika hadi dozi itulie. Mwajiri naye aelezwe, na yafaa kuomba kazi nyepesi kwanza. Kwa kawaida nafuu huanza kuonekana baada ya majuma mawili au matatu, ila kurudi kamili kwaweza kuchukua miezi.

DALILI ZISIZONGOJA

Upungufu mkali wa thairoidi ukikutana na maambukizi, baridi, dawa za usingizi au kuachwa kwa vidonge, huweza kuleta hali ambayo mwili wote unazima polepole. Mgonjwa huwa mzito wa kuamka, husema maneno yasiyoeleweka, hupumua polepole, moyo hupiga taratibu, na mwili huwa baridi. Ubaya ni kwamba hata akiwa na nimonia huenda asiwe na homa, hivyo watu hudhani amepumzika tu. Wazee, hasa akina mama, ndio walio hatarini zaidi. Hata wanaofikishwa hospitalini, wengi hufariki.

Ukimwona mtu hivi, mpeleke hospitali usiku huo huo. Usingoje asubuhi. Mfunike kwa blanketi, lakini usimwekee chupa za maji ya moto, kwani kumpasha joto kwa haraka hushusha shinikizo la damu. Usiingize jiko la makaa chumbani: hewa yake huua hata mtu mzima wa afya. Usimpe uji kama hayuko macho, na usimpe dawa ya usingizi. Chukua paketi zote za dawa zake uende nazo.

Pia rudi hospitali mara moja ukipata maumivu ya kifua, mapigo ya moyo yaliyovurugika, kuzirai, au kutapika kunakofanya dawa isikae. Mama anayegundua ana mimba amwone daktari juma hilo hilo, kwa kuwa mahitaji ya homoni hupanda mapema, na ubongo wa mtoto hutegemea homoni ya mama.

MWAMBIE DAKTARI HAYA

Unaporudi kliniki, andika kwenye karatasi: siku uliyolazwa na siku uliyotoka, ni siku ngapi hukumeza kidonge, dawa zote mpya ulizopewa na saa unazozimeza, uzani wako kabla na sasa, dalili iliyoanza kwanza, na kama uliwahi kuvuja damu nyingi kwenye uzazi au kutibiwa kifua kikuu. Karatasi hiyo huokoa muda na fedha kuliko vipimo vingi vya kubahatisha.

Na andika jambo moja zaidi, kwenye kikaratasi kidogo kikae pamoja na kitambulisho chako: "Nina upungufu wa thairoidi. Ninameza levothairoksini, mikrogramu kadha." Mweleze mtu mmoja wa nyumbani kilipo. Siku utakapofika wodini huwezi kusema, kikaratasi hicho kitasema kwa niaba yako, na kidonge chako hakitakatika.